Maelezo ya Shamba Yaliyopotea Mara Tatu

Lodwar, Jumapili, tarehe 9 Agosti 2009

Dada yangu Kagendo,

Leo nimetimiza miaka thelathini na mmoja tangu nitoke kwetu Laare. Kifua chako kimepoa? Na baridi ya mwezi huu, usiende shambani kabla jua halijapasha. Sisi tu wazima, joto ni lile lile.

Najua umeningoja. Wazee wa ukoo wanakaa Jumamosi, na bila maandishi yangu, Mutuma, mtoto wa baba mdogo, atasema shamba la baba halina mwenyewe, nawe utatolewa katika ardhi uliyoilima peke yako tangu ulipofiwa na mume ukarudi nyumbani. Sikunyamaza kwa dharau. Mara tatu nimechapa maelezo hayo. Mara tatu skrini imegeuka buluu, kompyuta ikajizima, na hata nilichohifadhi hakikufunguka.

Nililaumu joto. Nikalaumu umeme. Mwishowe nikamwita Akiru, fundi niliyemfundisha darasa la sita.

"Mwalimu, kuna kitu umeongeza humu ndani?"

"Ram moja tu, ya kompyuta kuukuu ya shule. Nilitaka iende mbio."

Akazitoa zote mbili, hiyo na ile ya awali, vile vijikadi vya kumbukumbu ya kompyuta. Akarudisha moja, kompyuta ikafanya kazi asubuhi nzima. Akaitoa, akaweka ya pili, nayo ikawa sawa. Alipoziweka pamoja, hazikumaliza dakika kumi.

"Kila moja ni nzima, lakini kasi zao hazilingani," akasema. "Si wewe uliyekuwa ukituchapa kwa kujibu kabla ya kupima? Sasa jua la Turkana limekukosea nini?"

Nilicheka, lakini alipoondoka sikuwa tena na wa kumsingizia. Nikuambie ukweli: kila ilipojizima, moyo wangu ulipata nafuu. Maelezo ya kwanza yalisema shamba ni langu, nitakuja kujenga. Ya pili yalisema labda. Ya tatu yalikuwa maneno mengi tu.

Ya nne ni haya niliyoyafunga pamoja na barua, ukurasa mmoja, wenye sahihi yangu na muhuri wa chifu wa huku: shamba la baba ni lako.

Nisalimie shangazi Karimi aliyetulea, na umwombe mchungaji akusindikize kikaoni. Wakikuuliza ninakuja lini, usinitungie sababu. Waambie nimesema mwenyewe: sitarudi.

Kaka yako,
M'Ikiara