Mbegu Hazikukungoja

Rongo, 28 Machi

Kaka Nicanor,

Simu yangu siku hizi hushiki, kwa hiyo barua hii inakuja huko kisiwani Mfangano na Phelesia, yule mama wa dagaa wa omena. Mama ni mzima, ni mguu tu unaomsumbua. Ng'ombe amezaa dume.

Mbegu na mbolea za mkopo tulipewa Februari, watu kumi wa kikundi, tulipe baada ya kuvuna. Mvua ilianza tarehe saba mwezi huu na wenzangu wakapanda wiki hiyohiyo. Mimi nilikaa mlangoni nikiangalia magunia, kwa sababu Mama alisema mdogo akipanda kabla ya mkubwa, laana ya chira itaingia nyumbani. Nilikutumia nauli ya boti mara mbili, na mara mbili ukaila. Halafu ukasema utakuja kupanda mstari wako wa kwanza nikikupa gunia moja la mbolea.

Gunia la mkopo, Nicanor. Nisipovuna, wale tisa watanilipia, na mke wangu anauza mboga sokoni pamoja na wake zao. Mkopo hauulizi nani alizaliwa kwanza.

Jana nilipanda. Mama alilia, kisha akachukua jembe lake akafukia mistari miwili nyuma yangu.

Shamba lako sikuligusa. Lakini ukija, usitie mbegu hata moja kabla ya kubisha kwangu. Kwa desturi hiyohiyo uliyonifungia nayo, aliyepanda kwanza ndiye mkubwa.

Aliyekuwa mdogo wako hadi juzi,
Bravin