Nukta Nyekundu za Kinanda cha Shemeji

Kariakoo, Dar es Salaam

Dada yangu mpendwa, Mama Zuhura,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa mkato, maana barua yako imekaa kwangu mwezi mzima bila jibu. Magoti ya mama yanasemaje siku hizi hapo Tabora? Mimi nipo, siumwi, ila uchovu umepanga chumba mwilini mwangu na hauna dalili ya kuhama.

Umeniomba nije na kinanda cha marehemu mumeo ulichoniachia, nipige kwenye harusi ya Zuhura kwa ile sauti aliyoipenda baba yake. Dada, nina neno zito, ila acha nianze mwanzo.

Tajiri wetu hapa studio, Bwana Salim, amenunua kompyuta. Tangu serikali ifungulie biashara ya nje kila kitu kinashuka Kariakoo, na sasa kimeshuka kinanda kisicho na mwili. Kimo ndani ya kompyuta, vidude vyake vya kuzungusha vimechorwa tu kwenye kioo. Sitasema uongo, kinafaa. Ukipata sauti unaihifadhi, kesho unaikuta palepale. Cha shemeji kikipata joto sauti inahama, tena hakikumbuki lolote. Ukigusa kidude kimoja, umeanza upya. Lakini ukikizungusha, vidole vinasikia. Kile cha kompyuta naona kama napapasa picha ya chakula. Umeme ukikatika vyote vinanyamaza, hapo ni ndugu.

Vijana wanaokuja kurekodi wakaanza kukicheka chetu. "Mzee, friji hilo la wapi?" aliniuliza mmoja. Nikaona aibu, dada. Kwa kuwa kilikuwa kinakwaruza, nikakipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi Mashaka, nikamwambia kwa kinywa changu akisafishe king'ae.

Kweli kiling'aa. "Hata zile rangirangi nimekutolea, kaka," akasema kwa furaha. "Thina kidogo tu."

Rangirangi zenyewe ni nukta zako. Zile ulizotia kwa rangi yako ya kucha, umekaa pembeni ya mumeo, yeye anazungusha, akisema "hapo" unatia alama kidude kilipoishia. Kinanda kile hakikuwa na kumbukumbu nyingine. Sikumgombeza fundi, angejuaje? Nilikaa kwenye benchi lake nikalia.

Wiki tatu nimezungusha, sauti ile siipati. Bwana Salim ana utu, akanifungulia sauti zote za kompyuta nichague inayofanana. Moja ilinidanganya kidogo.

"Chukua hii bwana, nani atajua?"

"Dada yangu," nikamjibu.

Masikio yangu yamechoka, siyaamini tena. Aliyeisikia sauti ile kila jioni, miaka yote ya ndoa, ni wewe.

Kwa hiyo nakuja na treni wiki moja kabla ya harusi, na kinanda chako mikononi. Usinisamehe kwa barua, ngoja nifike. Nitakaa pale alipokuwa akikaa shemeji, nizungushe polepole, na safari hii atakayesema "hapo" ni wewe.

Mama mwambie dawa ya kuchua nimeipata. Nisalimie mjomba Hamisi, mpiga ngoma wetu, na mkwe mtarajiwa ingawa hanijui. Zuhura usimwambie bado.

Rangi ya kucha nimenunua, nyekundu ileile. Chupa mbili.

Mdogo wako mkosaji,
Juma