Masaa Tisa Angani

Mume wangu mdogo,

Mkono ni wa fundi cherehani, jirani yetu. Maneno ni yangu mimi bibi yako, na nimemkataza kuyalainisha.

Kuku wanataga, paa halivuji tena. Fundi ameangalia kwenye simu yake: kutoka uwanja wa ndege wa huko hadi wa kwetu ni masaa tisa. Tisa tu! Nawe miaka minne unaniimbia, "Ni mbali, bibi."

Baba yako hali chakula siku hizi. Kitanda chake tumekisogeza dirishani. Kila ndege ikipita huniuliza, "Mama, ndiye?" Jana nilichoka, nikamjibu, "Ndiye." Tangu hapo hataki mlango ufungwe.

Njoo, usiniache mwongo mbele ya mwanangu.

Ni mimi bibi yako, nimesimama hapa mlangoni.