Gari Nililochora Eastleigh

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Julai inapenya chini ya mlango. Sina hamu ya kitu.

Mchana nimekula kwa Kioko, shemeji yangu, mume wa dada yangu Ndunge. Nimekula chakula cha mtu niliyemfukuzisha kazi, na nikaongezewa mchuzi.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Mwezi uliopita Mzee Hassan, mwenye duka Eastleigh, alinipa mashine yake ya mchezo wa video, ile ya kutia shilingi na kushika usukani, nimchoree gari la rali ubavuni. Alitaka gari la kweli, si katuni. Kioko alikuwa makanika Industrial Area, kwenye karakana ya kampuni yenye gari kama hilo. Siku moja saa ya chakula akaniingiza kimyakimya nikalitazama. Nikapima taa kwa kiganja. Nikachora hata bomba jipya la hewa walilokuwa wamelifunga wiki ile ile.

Kazi ilitoka nzuri. Siwezi kuikana hata leo.

Alhamisi wakili wa kampuni akaja dukani na barua. Gari ni lao, umbo lake na nembo yake ni vyao, na hakuna ruhusa ya kulitumia kwenye mchezo wa biashara bila idhini. Mzee Hassan akaniita nijibu mwenyewe. Nilikuwa tayari kuomba radhi, nipake rangi nyeupe, yaishe. Hata wakili alikuwa mpole. Kisha akasema nimenakili picha ya kalenda yao.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Sisi watu wa brashi, ukituambia tumenakili umetutukana. Anayenakili ni mwanafunzi. Nikamwambia sijagusa kalenda ya mtu, nimeliona gari lenyewe kwa macho yangu, huko huko karakana kwao, na shemeji yangu ndiye aliyenifungulia mlango. Nikamwonyesha lile bomba, ambalo kwenye kalenda halipo. Akaandika. Akaniuliza shemeji anaitwa nani. Nikamtajia jina, bado nimevimba, kana kwamba namleta shahidi wangu.

Ijumaa Kioko akapewa barua ya kuachishwa kazi. Amewafanyia kazi miaka kumi na mmoja. Nyumba wanayokaa ni ya kampuni, na mwisho wa mwezi watoke.

Leo mezani hakuniuliza chochote. Yeye ana hakika aliyemchoma kwa kampuni ni nani.

"Ni yule soja wa geti," alisema. "Alituona tukiingia. Kesho asubuhi namngoja akitoka zamu. Lazima anitambue."

"Baba Mutua, utafungwa," Ndunge akamwambia.

Kioko akasogeza sahani yake. Akanigeukia mimi. "Afadhali wewe hawakukushika, shemeji."

Nikasema watu ni wabaya.

Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo huu, huku nikimega ugali wake. Ndunge alinitazama kidogo, kisha akaenda kuchukua maji. Najichukia. Yule soja simjui hata jina, ana watoto wake pengine, na hajafanya kosa lolote ila kukaa getini.

Anatoka zamu saa kumi na mbili. Nitakuwa mlangoni kwa Kioko kabla hajafunga kamba za viatu, na nikishamwambia sitakimbia. Kama ni kupiga, anipige mimi.