Maji ya Ubao

Salimu, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imenifikia huku Maskati, marahaba. Mama yako mkubwa goti limepoa. Mkomamanga nilioupanda kwenye ndoo umekataa tena kuzaa.

Unaniuliza Mungu ni nini, na unasema umeacha kusali mpaka upate jibu. Nami nililitaka jibu hilo, chuoni Pongwe tulikosoma Kurani, nikiwa msichana. Maalim alinipa ubao na wino wa masizi. "Haya, mwandike." Nikaandika kila sifa niliyoijua, mpaka pembezoni.

"Umemaliza?"

"Nafasi imekwisha, maalim."

"Na ubao umeutaja wapi?"

Nikautazama. Umezibeba herufi zote, na hakuna hata moja iliyoutaja. Nikaropoka, "Basi Mungu ni kama ubao!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Maalim naye alicheka. "Ubao kachonga fundi, mwanangu. Yeye nani kamchonga? Kauoshe."

Maji ya ubao hayamwagwi njiani yakakanyagwa. Tuliyamwaga shinani mwa mkomamanga, nyuma ya chuo. Niliyamwaga polepole, nikaona sina tena neno hata moja. Lakini mti upo, mchanga upo, mikono yangu myeusi ipo, na hakuna kati yetu aliyejipa kuwapo.

Zaidi ya hapo sikufika, Salimu, na kusali sikuacha.

Hapo Tanga ulipo, Pongwe si mbali. Nenda ukautazame mkomamanga ule. Ukiukuta au usiukute, simama pale uniombee dua.

Bibi yako anayetamani kukuona,
Mwanakombo