Kichwa cha Jiwe cha Ayuthaya

Albert Park, Durban

Mjukuu wangu Rehema,

Hujambo mama? Huku tuna furaha tele. Shangazi yako amejifungua binti, na jirani zetu Wakongomani wamecheza ngoma koridoni hadi ghorofa nzima ikatoka kutazama!

Umeniuliza, katika ubaharia wangu wote, ni wapi ningependa kurudi. Ayuthaya! Meli yetu ilikuwa ikipakia mchele Bangkok, nami na rafiki yangu Salum tukapewa mapumziko. Tukachukua boti, tukaupanda mto mpaka kwenye magofu ya mahekalu ya kale ya Wabudha. Rehema, minara ya matofali mirefu kuliko minazi! Na kichwa cha sanamu ya jiwe, kimekumbatiwa na mizizi ya mti, kinatabasamu.

Nilikikimbilia. Mama mmoja mlinzi akanivuta shati, akaonyesha chini. Wageni wote walikuwa wamekaa, hakuna aliyekizidi kile kichwa kimo.

"Athumani, sisi Waislamu," Salum akanong'ona. "Ukisujudu hapo, mimi sikujui."

"Sisujudu. Nakaa tu, kama ninavyokaa mbele ya baba yangu."

Nikachuchumaa. Yule mama akacheka kwa furaha, akamenya balungi, akanipa kipande. Kingine akamnyooshea Salum aliyesimama. Salum akakitazama, akanitazama mimi, kisha akakaa.

Tulirudi mtoni tukiimba. Tangu siku hiyo, nikiingia kwa watu nisiowajua, kwanza natazama wenyewe wamekaaje.

Nisalimie baba yako na wote hapo Tanga.

Babu yako akupendaye,
Athumani