Chumba cha Rukia Hapa Bwera

Bwera, mwezi wa saba

Mke wangu mpenzi, Mama Rukia,

"Mtoto mwenye kifua hapelekwi kwenye mlima wa barafu. Huko Kasese watu huamka wameganda, na shemeji Bakari yuko tayari kumzika mtoto wetu ili mradi apate wa kumpikia." Hayo ndiyo aliyoniandikia kaka yako Athumani nilipowaita mje, kwa mwandiko wake mzuri. Nimeyatanguliza hata kabla ya salamu, nawe utanisamehe, maana umenizoea. Gazeti likiandika uongo mstari mmoja, mimi hujibu kurasa tatu. Sembuse shemeji.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Rukia hajambo kifua? Bado anakaa kitandani alfajiri akikohoa, umemshika mgongo? Mimi mzima, ila nimekonda kwa mapishi yangu mwenyewe, na hilo Athumani amelikisia sawasawa.

Mengine yote amekosea. Kasese, huku Uganda, pale treni ya kutoka Mombasa inapokomea, ni joto la kuvua shati. Barafu iko juu kabisa ya mlima. Tunaiona asubuhi mawingu yakifunguka, kisha yanafunga, nasi tunaendelea na kazi. Samaki wa biashara yangu, ninaowanunua Katunguru kwa wavuvi, hukaushwa kwa jua. Kungekuwa na barafu ya Athumani, ningekuwa nimefunga duka zamani.

Lakini siwezi kumjibu uongo kwa uongo. Bwera tuko juu kidogo, na kipupwe cha hapa si kile cha Mombasa cha kujifunika kanga. Mvua zikianza mwezi wa nane, upepo hushuka kutoka mlimani, nguo hazikauki, na mtu mzima hutafuta blanketi mbili. Kwa kifua cha Rukia hilo si jambo la mzaha. Ndiyo sababu sikuwaita mwaka jana, ingawa wewe ulidhani nimekusahau. Nilikuwa naitengeneza nyumba.

Mjenzi wangu ni jirani, Baluku, mtu wa Bwesumbu, kule mlimani. Tumegombana tangu msingi hadi paa. Mimi nilitaka mlango uelekee mlimani tupate upepo, kama nyumbani. Akaweka mwiko chini, akacheka.

"Muzee Bakari, mvua unaiita kwa nyumba? Mulango iangalie chini."

Hapo alinishinda, na mlango unaangalia chini. Akachimba pia mfereji upande wa juu wa nyumba, maji ya mlimani yapite kando.

Lakini tulipofika kwenye mabati, mambo yakawa mengine. Alitaka kuziba kwa udongo nafasi yote kati ya ukuta na paa. Hapa nyumba ya mabati ni fahari, na fahari yenyewe ni kuwa haina tundu hata moja. Nyumba za zamani za watu wa hapa ni za nyasi. Moto huwaka humo ndani, hasa kukiwa na mama aliyejifungua, na moshi hupenya kwenye nyasi, watu wakalala salama. Wakihamia kwenye mabati, wanauhamisha moto uleule, kisha wanaziba kila mahali. Mwaka jana dereva mmoja wa lori hapa Bwera aliingiza jiko la makaa ndani ya nyumba ya namna hiyo, akafunga madirisha. Asubuhi tulivunja mlango. Yeye, mkewe na watoto tuliwatoa wamelegea kama nguo mbichi. Walipona, Mungu ashukuriwe, lakini mimi mwenyewe nilimbeba mtoto mmoja, umri wa Rukia, na nilipombeba nilikuwa nambeba Rukia.

Basi nikamwambia Baluku asizibe.

"Baridi itaingia, mutoto atakohoa."

"Anayekohoa anapumua, Baluku."

"Basi moto weka inje, ulale na baridi yako. Watu ya pwani munajua kila kitu."

Nikamwambia ndiyo, uwe nje, lakini nje ya ukuta huuhuu. Tujenge jiko nyuma ya chumba cha mtoto, mafiga yaegemee ukuta wa udongo. Akaugongagonga ukuta kwa kiganja. "Udongo inakunywa joto," akasema, "lakini ifanywe munene." Mkewe, Masika, aliyekuwa ametuletea viazi, akatutazama mmoja mmoja. "Tangu asubuhi munagombana, kumbe muko upande moja. Kuleni, vinapoa."

Hivyo ndivyo kilivyo chumba cha Rukia. Moto uko upande wa pili, moshi wake hauingii, nafasi ya juu iko wazi kwenye kuta nyingine, na kitanda kimeegemea ukuta wenye joto. Mvua za mwezi wa nne nililala humo mimi. Alfajiri nilikuwa nikiweka mkono ukutani, na bado ulikuwa na uvuguvugu.

Siahidi kwamba hatakohoa. Lakini Athumani akumbuke kuwa mtoto alianza kukohoa Mombasa, ndani ya nyumba anayoisifu, ambako kuni huwaka hatua chache kutoka kwenye mkeka wake, na dirisha limefungwa ili majirani wasichungulie. Hilo shemeji hakuliandika.

Nisalimie mama mkwe, na umwambie blanketi alilonipa lingalipo, ni la Rukia sasa. Nisalimie shangazi wa mahamri, na mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemfundisha Rukia herufi. Wewe nakusalimu peke yako, kwa yale ambayo sitayaandika, maana najua barua hii itasomwa kwa sauti.

Na kwa kuwa itasomwa kwa sauti, sasa nasema na anayeisoma. Athumani, nimesikia umelifungia sanduku la dada yako chumbani kwako ili asisafiri. Huniamini, nawe una haki, mtoto ni wenu pia. Basi njoo nao. Panda treni pamoja nao kabla mvua hazijaanza, ulale wewe katika kitanda kile kwanza, mtoto alale na mama yake. Ukiamka umeganda, warudishe, nami sitaandika tena hata neno moja. Lakini ukimaliza kusoma mstari huu, inuka, fungua mlango wa chumba chako, umpe dada yako sanduku lake.

Mumeo,
Bakari